Mwongozo kamili wa kukusanya rekodi za mwanzo za Bing Crosby: matoleo ya marudio, teki mbadala, na namna ya kutotapeliwa

Kila Desemba ukiingia supamaketi ya Nairobi au Dar lazima umsikie Bing Crosby, yule muimbaji Mmarekani, na White Christmas yake, na watu wengi wanaamini wanachosikia ni ile rekodi ya 1942, kumbe mara nyingi siyo. Ya kwanza ilirekodiwa 29 Mei 1942, ikauza mno, masta (sahani mama) ikachakaa kwa kutolewa nakala, ikabidi tarehe 18 Machi 1947 mzee arudi studio na okestra ya John Scott Trotter na waimbaji wa Ken Darby waiimbe upya kwa kuifuatisha ile ya kwanza. Hiyo ya 1947 ndo inayopigwa zaidi mpaka leo.

Sasa kama wimbo mkubwa hivo unachanganya watu, hizi rekodi zake za 1926 mpaka 1934 ndo kabisa. Na ndo kipindi kitamu kuliko vyote, mi nasema wazi, maana hapo Bing ni kijana anayeimba ki-jazi hasa, sauti bado nyepesi, anacheza na mdundo, yuko na Bix Beiderbecke wa kornet (aina ya tarumbeta), Eddie Lang wa gitaa, Duke Ellington na bendi yake. Shida ni kwamba wimbo mmoja unaweza kuwa na sura nne tano tofauti na wauzaji wengi hawakuambii ni ipi. Kwa hiyo kanuni yangu iko moja na kila kitu hapa chini kinatokana nayo: usikusanye majina ya nyimbo, kusanya teki, yaani kila mara moja wimbo ulipoimbwa studio kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kabla hujatoa hela ujue tarehe, namba ya matriksi (namba ya kile kilichorekodiwa, imegongwa kwenye santuri) na teki.

1. Tofautisha vitu vitatu

Kwanza kuna toleo la marudio. Hapo ni sauti ileile iliyorekodiwa siku ileile, ila imetolewa tena kwenye santuri nyingine, LP (ile santuri ndefu ya nyimbo nyingi), CD au mtandaoni. Ukiwa na ishirini za namna hiyo bado una rekodi moja tu, kinachobadilika ni ubora wa usafishaji.

Pili kuna wimbo uliorekodiwa upya, yaani siku nyingine kabisa, mara nyingi kampuni nyingine na bendi nyingine. Star Dust ya Bing ipo ya Brunswick ya Agosti 1931 na ipo ya Decca ya Machi 1939, ni vitu viwili tofauti kama usiku na mchana. Where the Blue of the Night ni ya Novemba 1931, halafu akaiimba tena Decca 1940, akairudia 1945. Na juu ya hapo 1953 na 1954 akakaa na kundi la mpiga piano Buddy Cole akaimba upya nyimbo kibao za ujana wake kwa ajili ya lile boksi la LP tano la Decca, Bing: A Musical Autobiography. Mtego mkubwa wa anayeanza uko hapa: CD imeandikwa "rekodi za mwanzo", ndani unakuta mtu wa miaka hamsini anaimba kwa utulivu na kapiano kazuri. Ni nzuri, sikatai, ila siyo ulichokuwa unatafuta.

Tatu ndo teki mbadala. Siku ileile, studio ileile, mpangilio uleule, ila wameimba na kupiga tena kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Miaka ile hakukuwa na tepu, walikuwa wanachonga sauti moja kwa moja kwenye sahani nene ya nta, dakika tatu hivi, na mtu akikosea hakuna kukata na kuunganisha, mnaanza upya kwenye nta nyingine. Wanafanya mbili, tatu, nne, kisha kampuni inachagua moja ya kutoa, nyingine inawekwa akiba endapo ya kwanza itaharibika kiwandani, zilizobaki zinatupwa. Zilizopona zimetufikia kwa njia chache: akiba ikaja kutumika kimyakimya kwenye namba ileile ya katalogi, au kampuni mshirika ya nje kama HMV kule Uingereza ikatumiwa teki tofauti na ya Marekani, au mtu alipewa santuri ya majaribio akaenda nayo nyumbani ikakaa kabatini miaka.

Ndo maana santuri mbili zenye lebo moja, namba moja ya katalogi, jina moja, zinaweza kuwa na sauti mbili tofauti. Ukishalielewa hili utaanza kuangalia kila santuri kwa jicho lingine.

2. Shika ramani ya kampuni

Hii wengi wanairuka halafu wanashangaa kwa nini hakuna boksi moja la kampuni kubwa lenye kila kitu. Bing alianza na Columbia, Oktoba 1926 Los Angeles, yeye na rafiki yake Al Rinker wakiimba I've Got the Girl na bendi ya Don Clark. Desemba hiyohiyo wako na bendi kubwa ya Paul Whiteman, wanarekodi kampuni ya Victor. Mei 1928 Whiteman akahamia Columbia na vijana wake wote, na huko ndo 14 Machi 1929 zikarekodiwa My Kinda Love na Till We Meet, santuri ya kwanza iliyotoka kwa jina la Bing mwenyewe. Baada ya kuachana na Whiteman akaimba na bendi ya Gus Arnheim, akarudi Victor, ndo kipindi cha I Surrender Dear ya Januari 1931. Halafu Jack Kapp, bosi wa kurekodi wa kampuni ya Brunswick, akamchukua huko, wakaanza 30 Machi 1931 na Out of Nowhere, wakaenda mpaka 1934 Kapp alipoanzisha Decca ya Marekani na kuondoka naye. Decca walikuwa wanauza santuri senti 35 wakati za wenzao nyingi zilikuwa senti 75, ndo maana za Decca bado zimejaa kwenye soko la mitumba kuliko za Brunswick.

Sasa sikiliza hapa pazuri. Desemba 1931 kampuni ya filamu ya Warner, waliokuwa wanamiliki Brunswick, waliikodisha kwa kampuni iliyoitwa American Record Corporation. Baadaye masta za kabla ya hapo zikaangukia Decca, ambayo leo iko ndani ya Universal, na za kuanzia hapo zikaangukia Columbia, ambayo leo ni Sony. Kwa hiyo Where the Blue of the Night ya Novemba 1931 ina mwenyewe, na Dinah aliyoimba na kundi la Mills Brothers katikati ya Desemba 1931 ina mwenyewe mwingine, japo lebo ni ileile Brunswick na zimepishana wiki chache tu! Ukiona boksi la kampuni kubwa limeruka miezi fulani usifikiri ni uzembe, hawana haki nazo.

Lebo ndogo za Ulaya hazina kizuizi hicho, maana kule ulinzi wa rekodi ulikuwa miaka 50, na walipoongeza kufika 70 mwaka 2013 zile za zamani zilizokwisha kuwa huru zilibaki huru. Ndo sababu kazi nyingi za kukusanya kila kitu, pamoja na ule mfululizo wa The Chronological Bing Crosby wa lebo ya Jonzo unaofuata tarehe kwa tarehe, zimetoka Uingereza. Marekani mambo ni tofauti, kwa sheria yao ya 2018 rekodi za 1925 ndo zimekuwa huru Januari 2026, za 1926 zinafuata 2027, kwa hiyo ukiwa na mpango wa kupandisha mafaili yako mtandaoni hilo ulijue.

3. Jifunze kusoma namba

Chukua santuri, iweke jina kwenye lebo likisomeka kawaida, iinamishe chini ya taa ya pembeni. Usiangalie lebo kwanza, angalia ile sehemu laini kati ya mwisho wa mifereji na lebo, utaona namba zimegongwa.

Namba ya katalogi ni ya duka, hiyo haikusaidii sana. Namba ya matriksi ndo ya kile kilichorekodiwa. Za Victor za kipindi hiki zinaanza na BVE kwa santuri za inchi 10 na CVE kwa inchi 12, halafu kwenye orodha utaona kistari na namba, mfano -2 au -4, hiyo ndo teki. Kwenye santuri yenyewe ya Victor teki imegongwa peke yake kwa udogo upande wa kushoto wa lebo, ni kanamba kamoja tu, rahisi kukapita. Ile herufi ya upande wa kulia ni ya stampa ya kiwandani (bamba la kubania santuri), isikuchanganye. Brunswick wa miaka ya 30 wanatumia herufi baada ya namba, A, B, C. Columbia wanaweka mlolongo kama 2-A-4, na ni tarakimu ya mwanzo tu inayokuhusu, zilizobaki ni habari za kiwanda.

Ukinunua mtandaoni omba picha ya eneo hilo, siyo ya lebo peke yake. Muuzaji akikataa au akisema haoni kitu, wewe bei yako iwe ya teki ya kawaida.

4. Anza bure

Usinunue chochote mwezi wa kwanza, kweli kabisa. Fungua hifadhidata ya Discography of American Historical Recordings ya Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara. Ni bure, unatafuta jina la Crosby, unapata kila kikao kwa tarehe, mji, wanamuziki, matriksi, na chini yake teki zilizofanywa na mara nyingi hatima ya kila moja: ipi ilitolewa, ipi iliwekwa akiba, ipi iliharibiwa. Tengeneza karatasi ya Excel uanze kunakili 1926 mpaka 1934. Kazi inachosha, ila hakuna shule nzuri kuliko hiyo.

Pili ingia Internet Archive, kuna maelfu kwa maelfu ya santuri za 78 (zile za mizunguko 78 kwa dakika) zilizonakiliwa, nyingi zikiwa na picha ya lebo, na baadhi zimenakiliwa kwa sindano za saizi kadhaa ili uchague mwenyewe ipi inasikika vizuri. Kelele za mkwaruzo zipo, usiogope, sauti ya mtu iko pale chini nzima. Kwa kweli ukishasikia Brunswick ya 1932 ikiwa mbichi hivo utachukia zile CD zilizosafishwa mpaka Bing anasikika kama yuko chini ya maji.

Spotify na YouTube tumia kwa kuonja tu. Tarehe za kule usiziamini, unakuta wanaandika 1931 kwenye rekodi ya 1939, au mwaka wa CD ndo wameuweka kama mwaka wa wimbo.

5. Nunua CD kabla ya santuri, na nunua kwenye rafu ya jirani

Hili ndo neno ambalo ningependa kila mtu aambiwe mapema. Teki mbadala nzuri za Bing wa mwanzo mara nyingi haziko kwenye CD zenye picha ya Bing. Ziko kwa wapiga vyombo. Wapenzi wa Bix Beiderbecke wamehangaika miaka mingi kukusanya kila teki aliyopuliza kornet hata kama ni sekunde kumi, na kwa kuwa Bix alikaa na Whiteman kuanzia mwisho wa 1927, wakikuletea teki zote za Bix wanakuletea na Bing humohumo. Changes, Mary, There Ain't No Sweet Man, From Monday On, hizi za Novemba 1927 mpaka Februari 1928 zina teki zaidi ya moja zilizopona, na mfululizo wa Bix Restored wa Origin Jazz Library unazo kwa mpangilio wa tarehe. Solo za Bix zinabadilika teki hadi teki maana hakuwa mtu wa kurudia kitu vilevile, na ndo njia rahisi kabisa ya kujua uko kwenye teki ipi: sikiliza kornet kwanza, muimbaji baadaye.

Vilevile kwa Duke Ellington. St. Louis Blues ya 11 Februari 1932, ile ndefu ya santuri ya inchi 12 ya Brunswick, ina teki A na teki B na zote zipo, na wakusanyaji wa Ellington huwa wanaweka zote mbili. Kama utaanza na jozi moja tu ya kulinganisha anza na hiyo. Bing pale anaachia sauti kabisa, anaimba bila maneno mwishoni, na kusikia mtu akifanya kitu cha namna ile mara mbili mfululizo siku moja, huku akibadilisha vitu vidogovidogo, ni raha ambayo siwezi kuieleza ikatosha. Tafuta pia kwa wapenzi wa Eddie Lang, gitaa lake limejaa kwenye rekodi za Brunswick za 1932, mpaka alipofariki Machi 1933.

Ukiwa dukani au Discogs, lile soko la santuri la mtandaoni, angalia mambo haya kwenye CD: kijitabu kinataja tarehe na matriksi? Kimetaja nani amefanya uhamishaji wa sauti? Jina kama la John R. T. Davies wa Uingereza ni dhamana, alikuwa fundi wa kutoa sauti kwenye shelaki (kile kitu kinachotengenezea santuri za 78) bila kuiua. Kama nyuma ya CD kuna orodha ya nyimbo 25 tu bila hata mwaka, acha, hiyo ni nakala ya nakala. LP za miaka ya 60 zenye maneno kwamba zimegeuzwa kuwa stirio nazo kaa nazo mbali, Bing wa 1931 alirekodiwa kwa mono, yaani sauti ya njia moja, huko kulia na kushoto ni ujanja wa kugawa sauti na kuongeza mwangwi. Isipokuwa LP ina teki ambayo haijawahi kutoka kwingine, hapo unavumilia.

Kwa aliye Dar, Mombasa au Kampala CD ina faida nyingine, ni nyepesi na haivunjiki. Uliza gharama ya posta kabla ya kulipa na uhesabu na ushuru, mara nyingi ukiagiza tano kwa muuzaji mmoja posta ya kila moja inapungua sana. Kama una ndugu anakuja likizo kutoka London au Toronto, muombe mapema.

6. Thibitisha kwa masikio

Maandishi yanadanganya hata kwa nia njema. Kuna CD zimeandika teki mbadala kumbe ni teki ileile imezungushwa kwa mwendo tofauti. Fanya hivi, unahitaji hedfoni na Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo ni bure.

Weka faili la kwanza na la pili kwenye njia mbili tofauti (track) ndani ya Audacity, zote ziwe mono. Sukuma la kwanza kushoto kabisa na la pili kulia kabisa. Panga zianze pamoja kwenye noti ya kwanza ya bendi. Sasa nenda noti ya mwisho uone imepishana kiasi gani, kisha badilisha mwendo wa mojawapo, mwendo, siyo tempo peke yake, mpaka mwisho nao ulingane. Cheza.

Kama ni teki moja, sauti itakaa katikati ya kichwa chako kuanzia mwanzo mpaka mwisho, labda iyumbe kidogo tu. Kama ni teki mbili utaanza kusikia Bing wawili, mmoja anatangulia neno hili, mwingine anatangulia lile, wanaachana wanakutana, na hakuna kurekebisha mwendo kutakakowaweka pamoja. Hapo ushajua. Kisha sikiliza kimoja kimoja uandike tofauti: pumzi aliyovuta kabla ya neno fulani, mluzi, kigugumizi cha tarumbeta, gitaa lilivyojaza nafasi. Andika dakika na sekunde.

Na suala la mwendo lenyewe usilidharau, hiyo 78 ni jina zaidi kuliko kipimo. I've Got the Girl ile ya 1926 ilirekodiwa kwa mwendo wa chini, kwa hiyo ukiipiga kwa 78 Bing na Rinker wanapanda juu na kuharakisha, wala hutamtambua. Tumia kinanda au apu ya kupima sauti, ona kama bendi inaangukia kwenye ufunguo wa kawaida au iko katikati ya noti mbili. Ikiwa katikati, mwendo una shida.

7. Ukitaka santuri zenyewe

Mashine lazima iwe na mwendo wa 78 na sindano ya 78. Ya LP ni kama maikroni 18, ya 78 ni karibu 76, ukitumia ya LP inazama chini kabisa ya mfereji inakokota uchafu, unasikia kelele tupu. Usitumie gramafoni ya kukoroga kwa santuri adimu, ule mkono ni mzito na unakula mfereji kila unapopiga.

Kuosha: maji safi yaliyochujwa na tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, ukizunguka kufuata mifereji, lebo isiguse maji. Spiriti au alkoholi usithubutu, inayeyusha shelaki. Ile ya kusafishia LP nayo soma chupa kwanza. Zikaushe kivulini, zisimame wima, zisilazwe rundo, na mbali na dirisha maana joto la pwani linazikunja.

Ukizinakili kwenye kompyuta jua kwamba priamp za kawaida (vikuza sauti vya santuri) zina mkunjo wa RIAA, kipimo cha kupandisha na kushusha besi na sauti za juu, ambao uliwekwa kwa ajili ya LP, kwa 78 za miaka ya 20 na 30 unazima juu kupita kiasi, ndo maana nakala nyingi zinasikika zimefunikwa blanketi. Audacity ina sehemu ya kurekebisha hilo, pandisha juu taratibu mpaka "s" za Bing zirudi. Hifadhi nakala mbichi kwanza, WAV au FLAC, ndipo ufanye usafi kwenye nakala nyingine. Ondoa mipasuko mikubwa, mkwaruzo wa chini uache kiasi.

8. Majina ya mafaili

Anza na tarehe kwa mpangilio wa mwaka-mwezi-siku ili kompyuta izipange yenyewe, halafu wimbo, bendi, matriksi na teki, mwisho chanzo ulikoitoa. Mfano: 1932-02-11 St. Louis Blues, Ellington, teki A, kisha jina la CD. Usiposema chanzo, siku ukipata uhamishaji bora zaidi hutajua ufute ipi. Kwenye Excel weka safu moja ya "nimehakikisha kwa masikio", ndiyo au bado, na safu ya tofauti ulizosikia. Teki ambayo hifadhidata inasema iliharibiwa usiifute kwenye orodha, iachie mstari wake uwe wazi, maana santuri za majaribio bado zinajitokeza kwenye minada.